Kiti cha Mbele

Karavani ilipotolewa uani kwa mara ya mwisho, Philipo Wafula ndiye aliyeiosha. Hakuna aliyemtuma. Mnunuzi alikwisha kuikagua na kuridhika, na gari lililouzwa halidai tena kusuguliwa jiko la ndani wala kupanguswa fremu za vitanda; hata hivyo aliamka mapema, akakunja mikono ya shati, akaanza na paa.

"Baba Loice," Nasimiyu alimwita kutoka mlango wa jikoni, "Mama Loice akikuona unavyolipapasa hilo gari, atashikwa na wivu."

"Mama Loice hana madirisha manane," Philipo alijibu bila kugeuka.

Nasimiyu alicheka, akarudi ndani kumwandalia mgonjwa uji. Wote wawili walitoka Bungoma, yeye Webuye na Philipo Kimilili, na katika nyumba ile ya Gharrafa, mjini Doha, hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha ya kwao. Nasimiyu alikuwa ameajiriwa mwaka juzi, kiharusi kilipomwangusha mwenye nyumba, Jabor, ambaye watumishi wote walimwita Baba. Philipo alikuwa amemwendesha Baba huyo tangu nywele za wote wawili zilipokuwa nyeusi.

Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ile karavani, nyumba nzima juu ya magurudumu. Kila shule zilipofungwa, Baba Jabor alimpakia mkewe, Mama Lolwa, na watoto wao, na Philipo akashika usukani. Walivuka mpaka wa Abu Samra, wakaikata Saudia hadi Taif, hadi Abha ambako ukungu hulala milimani na watu wa Doha husimama nje wakitetemeka kwa furaha. Safari moja walifika Jordan. Njia nzima Baba Jabor aliketi kiti cha mbele, kando ya dereva. Watoto walimbembeleza akalale kitandani; yeye akawajibu kwamba hakununua gari ili atazame dari.

Baina ya wanaume hao wawili kulikuwa na desturi moja. Baba Jabor alipoona mahali panapomfaa, mti wa mgunga uliojitenga au mwamba wenye kivuli, alipiga dashibodi makofi mawili kwa kiganja. Philipo aliondoa gari barabarani, akawasha jiko la gesi, akachemsha chai ya karaki kwa maziwa ya kopo na iliki. Waliinywa wakiwa wameketi kwenye ngazi ya karavani, kwa kawaida bila kusemezana.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wa mwili wa Baba Jabor pamoja na maneno yake yote. Mlango wa karavani ulikuwa mwembamba na ngazi zake zilisimama wima. Philipo alimbeba mara chache, kisha ikaonekana wazi kwamba safari zimekwisha. Ndipo karavani ikauzwa, na familia ikaanza kutafuta gari jipya la nyumbani.

Philipo alilielewa jambo hilo mapema kuliko alivyotaka kulielewa. Hissa, binti wa nyumba, aliendesha gari lake mwenyewe kwenda kazini. Ghanim, kaka yake, vivyo hivyo. Kilichomweka Philipo pale kilikuwa karavani na mwili wa mzee. Karavani imeondoka. Umri wake ulikuwa unakaribia sitini, na hakuna tajiri Doha anayemwombea kibali kipya dereva wa umri huo. Loice, bintiye, alikuwa katika chuo cha uuguzi Eldoret, bado hajamaliza. Ikiwa gari litakalonunuliwa lingeweza kumchukua mzee bila Philipo, basi na Philipo angeondoka nyuma ya karavani.

Magari yaliyobaki baada ya mashauriano ya familia yalikuwa mawili. La kwanza alilipata Hissa: gari pana, lenye lifti nyuma, ubao wa chuma unaoshuka hadi chini kwa kitufe, ukipokea kiti cha magurudumu pamoja na mtu aliyeketi juu yake. La pili lilikuwa chaguo la Ghanim, gari la juu la nafasi saba, lenye nguvu ya kupanda mchanga wa Sealine, ambako familia ilipiga mahema kila majira ya baridi. Mama Lolwa aliwasikiliza wanawe wakibishana, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha taratibu ambacho Philipo alikizoea:

"Philipo ataendesha yote mawili, na Baba yenu akiwa ndani. Kisha tutajua."

Walikwenda kwenye duka la magari karibu na Barabara ya Salwa. Muuzaji alibonyeza kitufe, ubao ukashuka. Akasukuma kiti, akafunga mikanda minne, akafunga mlango. Akamwambia Nasimiyu ajaribu. Mara ya kwanza alisahau breki ya kiti. Mara ya pili alifanya yote kwa mpangilio, akajifuta mikono kama aliyemaliza kukanda chapati.

"Hata mimi na mgongo wangu huu," alimwambia Philipo kwa Kibukusu. "Hii ni baraka, Baba Loice."

Hissa alikuwa ameketi kwenye usukani akiupima kwa viganja. "Hili naweza kuliendesha mwenyewe," alisema. "Nitampeleka Baba hospitali mimi na Nasimiyu. Hatutamsumbua mtu."

Philipo alilisikia neno hilo, nalo likamkaa kifuani.

Alipochukua usukani, alimtafuta mzee katika kioo. Aliona paji la uso tu, na kilemba, na mkanda uliopita begani. Mzee hakuona barabara. Aliona migongo ya viti. Hilo lilikuwa kweli, na Philipo alilishika kama fimbo. Barabara ya nyuma ya duka ilikuwa na matuta. Katika miaka yote ya karavani alikuwa ameyavuka matuta kama mtu aliyebeba kapu la mayai. Glasi zilikaa kwenye rafu bila kugongana. Siku hiyo alichelewa kuinua mguu. Hakulikimbiza gari, alichelewa tu. Nyuma kuliruka, kiti kikalia kwenye mikanda, na mzee akatoa sauti ya chini kama ya mtu aliyeamshwa vibaya. Lilikuja tuta la pili. Akachelewa tena.

"Nyuma kunarusha sana," Hissa alisema, akigeuka kwa wasiwasi.

"Magari ya namna hii ndivyo yalivyo, Madam," Philipo alijibu. "Na Baba hajazoea kukaa nyuma. Maisha yake yote amekaa mbele."

Nasimiyu alikuwa ameweka mkono kifuani pa mzee ili kumtuliza. Aliinua macho, yakakutana na ya Philipo katika kioo.

Zamu ya gari la juu ilipofika, hapakuwa na kitufe. Philipo alisogeza kiti cha magurudumu hadi mlangoni, akauweka mkono mzima wa mzee shingoni mwake, akaingiza goti lake kati ya magoti ya mzee, akaupeleka mguu wake nyuma ya ule mguu uliokufa ili usiteleze. Akahesabu kwa Kiarabu, akainuka naye, akazunguka, akamketisha kiti cha mbele. Muuzaji alisema hajapata kuona mtu akibebwa vizuri hivyo. Ghanim alitabasamu kana kwamba sifa ni zake.

Philipo hakufuata njia fupi. Aliteremka hadi Corniche, pale ambapo maghorofa ya West Bay husimama ng'ambo ya maji, kwa sababu kila safari ya karavani ilianzia hapo, na ni hapo ambapo Baba Jabor alikuwa akidai chai ya kwanza hata kabla hawajatoka mjini. Alipunguza mwendo. Alisubiri. Mkono wa kushoto wa mzee uliinuka kutoka pajani, ukayumba, ukaangukia dashibodi. Kofi moja. Kisha la pili.

Philipo aliegesha, akanunua karaki kwenye kibanda, akamnywesha mzee kidogo kidogo kwa kijiko. Huko nyuma Mama Lolwa alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya shela yake.

"Tumelipata gari," alisema baadaye.

Machozi yalimlenga Philipo naye, na hayakuwa ya uongo. Hilo ndilo lililomtatiza usiku baada ya usiku baadaye: kwamba alimpenda mzee yule kwa dhati, na kwamba njia ya Corniche aliichagua kwa makusudi, na kwamba mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yake bila kugombana.

Kabla ya kulipia, Mama Lolwa alimwita kando. Alikuwa mwanamke mwangalifu.

"Na siku ambayo haupo, Philipo?"

"Mimi nipo, Mama."

"Ijumaa, siku yako ya mapumziko, unakwenda kanisani."

"Ijumaa Baba hatoki, Mama."

Na kweli, kwa muda mrefu Baba Jabor hakuwa ametoka siku ya Ijumaa.

Jioni ile Nasimiyu alimkuta jikoni akikata kitunguu. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akaanza kuchambua mchicha kana kwamba hana haraka.

"Yale matuta," alisema.

"Matuta gani?"

"Baba Loice, usinifanye mtoto. Nimepanda magari unayoyaendesha miaka miwili. Hujawahi kuruka tuta. Hata Mama akishika kikombe kilichojaa, hakimwagiki."

"Gari lilikuwa geni kwangu."

"Sawa." Alichambua majani mengine machache. "Limekuwa geni kwenye matuta tu. Basi nifundishe kumbeba."

"Nitakufundisha."

"Lini?"

"Kesho, dada yangu. Mbona unaniandama kama askari wa trafiki?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na yule mzee. Siku akitaka kwenda mahali, atanitazama mimi, hatakutazama wewe."

Kesho ilifika, na gari jipya likafika nayo, na kukawa na shughuli nyingi. Nasimiyu aliuliza tena wiki iliyofuata. Philipo alimwambia kwamba kazi ile yataka mgongo wa mwanamume. Alipouliza mara ya tatu alimwambia amsubiri apone mafua kwanza. Hakukataa hata siku moja. Aliahirisha tu, na kila alipoahirisha alijiambia kwamba anamhurumia mwanamke wa watu, asije akaumia kiuno ugenini.

Majira ya baridi yaliingia. Ijumaa moja, baada ya ibada, Philipo alikuwa amesimama Mesaimeer nje ya kanisa, katikati ya umati wa Wakenya na Waganda waliokuwa wakibadilishana habari za nyumbani. Kiprop, mlinzi wa jengo moja kule West Bay, alikuwa akimchokoza.

"Mzee Wafula, sisi tunaomba siku za kurudi zifike. Wewe unaomba nini? Kila nikikutazama ukiomba, nasema huyu anaomba abaki."

"Naomba upandishwe cheo, uache kusimama mlangoni," Philipo alisema, na watu wakacheka.

Simu ikalia. Ilikuwa ni Nasimiyu.

"Ameanguka," alisema. "Baba ameanguka. Tuko hospitali."

Aliyapata mengine vipande vipande, alipofika hospitali. Asubuhi hiyo kulikuwa na upepo wa baridi, hewa safi, na wajukuu walikuwa wakipakia mahema kwenda Sealine. Baba Jabor alikuwa ameketi uani akiwaangalia. Kisha akaanza kupiga mkono wa kiti chake. Makofi mawili. Akatulia, akapiga tena mawili, akawa haachi. Tangu siku ya Corniche kila mtu katika nyumba ile alijua maana yake: mzee anaitaka barabara na chai yake. Nasimiyu alisema wamsubiri Philipo. Ghanim alisema, "Ni babangu. Nitambeba mimi." Akamshika makwapani, akamwamuru Nasimiyu ashike miguu. Walimfikisha mlangoni pa gari. Mguu mfu ukanasa kwenye kikanyagio, Ghanim akavuta, gari lilikuwa juu mno, na wote watatu wakaanguka kwenye sakafu ya mawe. Nasimiyu alijaribu kuingia chini yake ili amkinge, akachubuka viwiko vyote viwili. Haikutosha.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alieleza kwamba moyo wa mzee hautastahimili upasuaji, na kwamba wajiandae kumuuguza kitandani kwa siku zitakazobaki. Mama Lolwa alilipokea neno hilo akiwa amesimama. Ghanim alitoka nje, akaegemea ukuta. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu, na Philipo, aliyemfahamu tangu akiwa mtoto wa kutapika njiani, alitaka kumwendea.

"Mlezi wa mgonjwa asiyejua kumbeba mgonjwa," Ghanim alisema bila kumtazama, "anafanya nini nyumbani kwetu?"

Aliyarudia maneno hayo kwa dada yake, kisha kwa mama yake, kila mara kwa sauti iliyozidi kuwa thabiti, mpaka yakawa uamuzi. Hissa alipinga kidogo. Mama Lolwa hakuwa na nguvu za kumpinga mwanawe wakati ule. Nasimiyu angelipwa haki zake zote, angekatiwa tiketi, angerudi kwao.

Philipo alikwenda kubisha mlango wa baraza, akamkuta Mama Lolwa peke yake na tasbihi mkononi.

"Mama, kosa si la Nasimiyu. Aliniomba nimfundishe kumbeba Baba. Sikumfundisha."

Mama Lolwa aliiweka tasbihi pajani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa kwenye sala zako, Philipo," alisema. "Miaka yote hii umembeba kama kaka yake. Usijibebeshe na hili."

Hapo ndipo palipobaki sentensi moja tu. Lile gari la lifti, Mama, liliruka kwa sababu mimi nilitaka liruke. Philipo aliisikia ikiwa kamili kichwani mwake, kwa Kiarabu, kila neno mahali pake. Alifungua mdomo. Aliona chuo cha Eldoret, lango lake la kijani ambalo alilijua kwa picha ya simu tu. Akafunga mdomo, akainamisha kichwa, akatoka kwa adabu. Mama Lolwa aliidhani adabu hiyo kuwa majonzi, na haikuwa mbali na majonzi.

Siku ya kuondoka, yeye ndiye aliyempeleka Nasimiyu uwanja wa ndege. Alipakia begi moja na mkoba wa blanketi, akamfungulia mlango wa mbele. Nasimiyu alikitazama kile kiti.

"Hapo ni pa Baba," alisema, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe.

Walitoka Gharrafa polepole. Mitaa ya ndani ina matuta, na Philipo aliyavuka moja baada ya jingine bila gari kuhisi kitu.

"Leo umeyaona," Nasimiyu alisema.

Wakaenda hivyo hadi barabara kuu, taa za mji zikiwapita.

"Kwa nini hukuwaambia?" Philipo aliuliza mwishowe. "Ulijua tangu siku ile."

"Ningewaambia, tungefukuzwa wawili." Alikuwa akifunga na kufungua kifungo cha sweta yake juu ya kiwiko kilichokuwa bado na bandeji. "Mimi wanangu wamekwisha kuoa. Wako bado yuko darasani. Nilihesabu hivyo tu, Baba Loice, usidhani nimekusamehe."

Uwanjani alimkatalia kumbebea begi. Alisema amsalimie Mama Loice, kama ambavyo mtu yeyote wa nyumbani angesema, akaingia katika foleni ya watu wa Nairobi, na Philipo akasimama mpaka alipoacha kuiona sweta yake.

Kibali cha Philipo kiliongezwa mwaka mwingine bila yeye kuomba. Mama Lolwa mwenyewe alishughulikia jambo hilo, akasema nyumba haiwezi kukaa bila yeye. Baba Jabor alirudishwa kwa gari la wagonjwa, akalazwa katika chumba kinachotazama uani. Kila alasiri Philipo aliingia, akamsalimu, akasimama kidogo kando ya kitanda. Mkono wa kushoto ulilala juu ya shuka, kiganja kikitazama juu. Uani gari jipya liling'aa, kwa sababu Philipo aliliosha kila siku. Halikuwa na kazi nyingine kubwa.

Mlezi mpya alipofika, mwanamke wa Kitale aitwaye Cheryl, Philipo hakumngoja aulize. Alimwita uani siku yake ya kwanza, kabla hajafungua hata begi lake. Akaketi katika kiti cha magurudumu kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, akaulegeza upande wake wa kulia, akamwambia amnyanyue.

"Lakini mzee, nimeambiwa mgonjwa hatoki kitandani tena," Cheryl alisema, akimtazama kwa mashaka. "Hata hospitali huja gari lenye machela."

"Najua. Weka mkono wangu shingoni mwako."

"Hivi?"

"Hivyo. Goti lako katikati. Sasa mguu wako uende nyuma ya mguu wangu, huu mfu, usiteleze. Usiusahau huo mguu."

Cheryl alivuta pumzi, akahesabu, akamnyanyua. Alimzungusha, akamketisha kiti cha mbele cha gari lile refu, akarudi nyuma hatua moja akihema.

"Nimeweza?"

"Umeweza," Philipo alisema. Kutoka pale alipoketi aliliona dirisha la chumba cha mgonjwa, na pazia lake lililofungwa. "Nirudishe kwenye kiti. Tufanye tena."